Bawa la Juu

Mwili wake upo kwenye gunia la korosho,
gunia la katani lenye mhuri wa chama cha msingi,
mkia umetokeza nje kama mkia wa kuku wa mnadani.
Nimempima kwa kiganja: uzito wa gundi
umeshazidi uzito wa ndege.

Misimu mitatu.
Bawa la kushoto lina plasta ya hospitali ya wilaya,
la kulia kipande cha boksi la salfa,
pua ni ya nne, niliichonga kwa kandambili.
Mwewe wa Nachingwea walishamzoea,
walimpisha kama watu wanavyompisha mlevi.

Nimewaambia wote ni upepo.
Fundi Likwata, muuza vocha, hata mwalimu wa madrasa:
upepo ulimbeba ukamtia kwenye mkorosho.
Siku hiyo unga wa salfa
ulikuwa umesimama hewani.

Leo pesa ya mnada wa pili imeingia.
Kwenye simu zipo mbili.
Ya kwanza bawa lipo chini, tumboni,
nyekundu, nyembamba, pua imechongoka,
inapinduka, inalala chali angani, inapita
mwendo wa bodaboda iliyobeba mgonjwa.
Muuzaji wa Dar ameandika: haina subira na mgeni.
Nikaona ni sifa.

Ya pili ni marehemu yuleyule, mpya:
bawa juu, kama beseni kichwani,
matairi manene, chaneli nne,
ukiachia vijiti inajinyoosha yenyewe
kama mtu aliyejikwaa asitake kuonekana.
Foamu ileile ya boksi la samaki.
Bei nusu. Hakuna atakayegeuza shingo.

Kidole kilishakaa kwenye nyekundu.
Ilibaki namba ya siri.

Akaingia Somoe, mtoto wa dada yangu,
madaftari kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi.
Akafungua gunia bila hodi,
akamtoa marehemu, akamgeuza,
akafuata mpasuko kwa ukucha hadi ulipoanzia.
"Mjomba, hii ilipinduliwa."
Nikasema upepo.
"Upepo haushiki kijiti."

Huku kwetu binti akikosa huulizwa mjomba.
Mjomba akikosa,
hakuna aliyepangiwa kuuliza.

Nikampa simu, nikatanguliza nyekundu.
Aliitazama sana, na macho yake yaliipenda,
sitasema uongo.
Kisha: pua ya hii nayo tutaichonga kwa kandambili?
Ikianguka, tunarudi nyumbani na nini?
Kisha, taratibu, akiwa anamrudisha marehemu guniani:
"Mimi bado sijatua.
Nimerusha mara saba. Kutua unatua wewe."

Saba. Kumbe alikuwa anahesabu.
Kila ndege ikigeuza uso kuelekea uwanjani,
pale kwenye majani na mbuzi,
mimi humnyang'anya rimoti.
Lete, nasema, lete, utaivunja.

Boksi lilishuka na basi, jina langu limekosewa herufi.
Bawa juu, tumbo nene, harufu ya duka.
Tulifunga raba za mabawa, tukajaribu mkia,
kushoto, kulia, juu, chini,
mwenye mbuzi akaondoa mbuzi wake bila kuambiwa.

Akairusha. Ikazunguka mara nne juu ya mikorosho.
Dakika ya sita betri ikaanza kulalamika
na Somoe akaigeuza, uso kwetu,
kubwa, inakuja, imeinama upande wa kushoto,
na mikono yangu ikatoka mifukoni yenyewe.

Nikairudisha.
Mmoja ukashika funguo za nyumba.
Wa pili haukuwa na cha kushika.